"Check out", "leave", "get off": maneno ya kuondoka yanatutega wapi?

Mpokezi wa Shangani
Assalaam alaykum. Nafanya kazi mapokezi katika nyumba ndogo ya wageni, na juzi nilibandika karatasi yenye maneno "Please check out your room before ten", nikikusudia mgeni arudishe ufunguo kabla ya saa nne asubuhi. Mgeni mmoja akaisoma, akapanda ghorofani, kisha akateremka kuniambia kuwa chumba amekiona na ni kizuri sana. Nimekosea wapi?

Mwalimu wa Chake Chake
Wa alaykum salaam. Umeangusha "of" tu. "Check out of your room" ni kukabidhi chumba. "Check out your room" ni kukitazama kilivyo, kwa hiyo mgeni wako alitii ulichoandika. Mtego mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, umo katika "leave", kwani neno dogo moja hugeuza safari nzima: "leave Pemba" ni kuondoka Pemba, na "leave for Pemba" ni kuondoka ulipo kuelekea Pemba. Wanafunzi wangu huandika "leave to Pemba" kwa sababu wanaifuata "kwenda" yetu. Ukitaka kutaja visiwa vyote viwili, sema "leave Unguja for Pemba".

Mtembeza wageni, Mkoani
Maalim amesema kweli, nami naongeza la kushuka. Katika boti kubwa, basi au daladala abiria "gets off". Katika teksi au mtumbwi "gets out of". Kipimo chepesi ni kuwa chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake huchukua "off", ingawa katika daladala zetu kusimama kwenyewe ni kuinama. Ila usimwambie mgeni "Get out!" peke yake, maana hapo umemfukuza.

Mpokezi wa Shangani
Ahsanteni. Karatasi nimeibadilisha. Mlango wa nyuma, ambao ni wa kukimbilia moto ukizuka, nimeagiziwa kibao cha "Fire door". Kinafaa?

Mwalimu wa Chake Chake
Kirudishe kwa fundi, ndugu yangu. "Fire door" ni mlango uliotengenezwa kuzuia moto na moshi usipenye, na kwa kawaida hutakiwa ukae umefungwa. Wa kukimbilia ni "fire exit" au "emergency exit". Kwa mlango wa kawaida wa kutokea, Waingereza hupenda kuandika "Way out", lakini "Exit" hueleweka kwa wageni wote.