Mafundi wa Kampala, nani aliwaambia thamostati ni ya Wazungu?

Wakuu, nimekasirika na sitaki kutulizwa. Atakayeniambia "pole, ndiyo maisha" anirudishie kwanza shilingi 1,180,000 zangu, halafu tutaongea kuhusu maisha.

Gari ni Toyota Carina ya 1997, injini ya 5A, cc 1500, lile ambalo kila mwalimu mkuu aliwahi kuwa nalo. AC ilikufa kabla sijalinunua, na feni yake ilikufa nayo. Mengine yalikuwa sawa mpaka Februari, mshale wa joto ulipoanza kupanda kwenye jamu ya Jinja Road. Jioni, magari yamesimama, jua linakupiga usoni, mshale unavuka nusu na kuendelea juu. Ukishapita Nakawa barabara ikafunguka kidogo, unarudi chini wenyewe kama mtoto aliyeona mama yake anakuja.

Shikeni hapo. Unapanda gari likisimama, unashuka gari likitembea. Nilimweleza fundi hivyo hivyo, kwa Kiswahili, kisha kwa Luganda changu cha kubahatisha. Gereji iko upande wa Ndeeba, jina naliacha. Fundi mkuu hakunijibu. Aliinamia injini, akagonga hozi ya juu kwa kidole, akasema: "Ssebo (yaani bwana), hii ni thamostati. Tunaitoa."

Thamostati ni ile valvu inayoongoza maji ya kupoza injini. Nikauliza, tunaitoa na kuweka nyingine? Akacheka, vijana wake wakacheka. "Hizi Wajapani waliweka kwa ajili ya baridi ya kwao. Hapa Uganda baridi iko wapi?"

Nikalipa 40,000 kutolewa kitu ambacho gari lilizaliwa nacho. Na hapa ndipo waliponipata, maana kesho yake asubuhi gari lilikuwa baridi kama kisima. Mshale haukutaka hata kufika mahali pake pa kawaida. Nikawasifu! Nilimpigia mtu simu nikamwambia nimepata fundi. Wiki mbili baadaye naona mafuta yanakwisha upesi, na jioni kwenye jamu mshale unapanda vilevile, umechelewa kidogo tu.

Sasa nimeelewa kwa nini, baada ya kuumia. Thamostati ni mlango. Ya gari langu huanza kufunguka kwenye nyuzi 82. Kabla ya hapo huzuia maji yasiende kwenye rejeta, kule mbele yanakopozwa, ili injini ifikie joto lake la kazi haraka. Ukiitoa, injini inahangaika na ubaridi kila asubuhi, kompyuta inadhani bado haijapata joto na inazidi kumwaga petroli, na oili haipati joto la kutosha kukausha unyevu. Haina uhusiano wowote na theluji. Kama unaishuku, itie kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, uone kama inafunguka. Ikigoma, nunua nyingine. Jaribio hilo linagharimu mkaa kidogo na ugomvi na mwenye sufuria.

Nikarudi gereji. Safari hii jibu likawa rejeta. "Imeziba, ssebo." Imeziba wapi, nani ameipima? Rejeta iliyoziba hukusumbua zaidi ukiwa kwenye kasi au unapanda mlima na mzigo, kwa sababu hapo injini inatoa joto jingi na maji hayapiti ya kutosha. Gari langu kwenye kasi lilikuwa linapoa! Lakini siku ile sikuwa na maneno haya, nilikuwa na pochi tu. Rejeta ya mtumba pamoja na kazi, 280,000. Yangu walibaki nayo, eti ni chuma chakavu.

Siku hiyo hiyo kijana mmoja wa pale alifungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto, kwa kitambaa tu. Maji yaliruka yakamchoma mkono mpaka kwenye kiwiko. Mkubwa wake akamwambia "utajifunza" na akaendelea kula gonja, ndizi ya kuchoma. Sijasahau sauti ya yule kijana. Jamani, maji ya mle ndani yako kwenye shinikizo na yana joto la kupita lile la kuchemkia sufuriani. Ukiondoa kifuniko, shinikizo linaanguka na yanageuka mvuke papo hapo. Subiri mpaka uweze kuishika hozi ya juu kwa mkono bila kuushtua. Hakuna haraka yenye thamani ya ngozi yako.

Mwezi wa Aprili, mara ya tatu. Fundi mkuu alifungua kifuniko (asubuhi hiyo gari lilikuwa limepoa, tumshukuru Mungu), akawasha injini, akaona mapovu mawili matatu, akanitazama kwa uso wa daktari anayeleta habari mbaya. "Gasketi ya hedi imekwenda."

Ni ile gasketi inayoziba kati ya hedi, kichwa cha injini, na bloku. Hapo mtu yeyote huogopa. Mnajua hedi ya alumini ikipikwa hupinda, na kupinda kwa unene wa unywele kunatosha kuharibu kila kitu. Lakini mapovu mawili matatu baada ya kujaza maji upya ni hewa iliyonaswa inatoka! Gasketi ikiwa imekwenda kweli huleta ushahidi: mapovu hayaishi, hozi ya juu inakuwa ngumu kama mti dakika ya kwanza tu injini ikiwa bado baridi, oili inageuka kama chai ya maziwa, moshi mweupe unaendelea kutoka nyuma hata gari likishapata moto, plagi moja inatoka imeoshwa safi kuliko wenzake. Kuna hata dawa ya buluu inayobadilika rangi ikikutana na moshi wa silinda ndani ya rejeta. Hakuangalia hata kimoja. Kijiti cha oili hakukichomoa.

860,000. Gasketi, kupeleka hedi kwenye mashine kusawazishwa, oili, kazi. Hedi ilirudi, na bolti zake kumi akazikaza bila ile spana ya kupima nguvu. Alikaza kwa kusikiliza mguno wake mwenyewe. Leo injini inavuja oili pembeni, jambo ambalo halikuwapo.

Najua mtaniuliza: wewe ulikuwa wapi? Nilikuwa hapo, nimesimama kwenye tope la oili na viatu vya ofisini, nikitikisa kichwa kama ninayeelewa. Hilo ni kosa langu na nalikubali. Endeleeni kusoma.

Jumamosi moja ya Mei nikampeleka mama nyumbani Busia. Alikuwa ametoka kutibiwa macho Kampala, jicho moja lina bandeji. Tulitoka vizuri, Mukono tukapita, Namawojjolo akanunua kuku wa kijitini kupitia dirishani, akawa anakula anasifu gari. Ndani ya msitu wa Mabira tukakuta lori la miwa limelala barabarani. Tukasimama. Tukasogea hatua kumi, tukasimama. Mshale ukaanza.

Nilizima, nikawasha, nikafungua hita ya ndani iwake mpaka mwisho ili ivute joto kutoka kwenye injini (hili linasaidia kweli, ingawa mtu mwenye bandeji jichoni halifurahii). Mwishowe mvuke ukatoka chini ya boneti na nikaegesha pembeni. Konda mmoja wa teksi akashuka kunishauri nivunje mayai mawili mabichi kwenye rejeta, yatakwenda kuziba tundu. Tundu gani? Mayai yakiiva mle ndani yanaziba na vijibomba vya rejeta pamoja na vya hita. Nilimshukuru nikamwambia mayai sina.

Mama alikuwa amekaa kwenye jiwe chini ya mti, mkoba mapajani. Akaniambia: "Baba, hili gari lina homa ya kukaa. Likitembea linapona, likikaa linaugua. Si kuna kitu cha kulipepea?"

Mama yangu hajawahi kushika usukani. Ana jicho moja siku hiyo. Alihitaji saa mbili tu. Wenye gereji walihitaji miezi mitatu.

Tulifika Busia usiku, kwa kuendesha na kupumzika. Asubuhi nikapelekwa kwa mzee mmoja anayetengeneza umeme wa malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Nilimwamkia shikamoo nikaanza kumweleza habari ya gasketi, akainua mkono. "Mwanangu, hayo baadaye. Linachemka lini?"

Swali hilo. Miezi mitatu, 1,180,000, hakuna aliyeniuliza swali hilo, na nilipolijibu bila kuulizwa hakuna aliyesikia.

Nikamjibu. Akaniambia niwashe gari niliache lingurume. Hakushika spana, alikaa kwenye tairi akanywa chai. Mshale ukavuka nusu. Feni kimya. Akachomoa waya wa sensa kule chini ya rejeta, akanieleza kwamba kwenye Toyota nyingi za umri huu ukichomoa waya huo feni inatakiwa iwake yenyewe, kwa sababu waliona heri feni izunguke bure kuliko injini iungue kwa sensa mbovu. Kimya. Fyuzi nzima. Akavuta nyaya mbili kutoka kwenye betri akaigusisha feni moja kwa moja. Kimya. Akachukua mpini wa bisibisi akaigonga mota yake mara moja, ngo! Feni ikashtuka, ikaanza kuzunguka.

"Kaboni zimekwisha," akasema, kama mtu anayesema chumvi imekwisha.

Alifungua ile mota, kaboni, vile vipande vinavyoipelekea mota umeme, zimelika mpaka zimebaki kama punje za mahindi. Akatafuta nyingine kwenye kopo lake, akazisugua kwa tupa mpaka zikakaa. Dakika hamsini. 30,000. Feni ndiyo hewa ya gari lililosimama. Likiwa kwenye mwendo upepo unaingia bure, na ndiyo maana lilikuwa linapona barabarani. Hilo ndilo lote. HILO NDILO LOTE.

Akaona na jingine. Gari lilipopoa, chupa ya akiba imejaa maji mpaka juu na rejeta ina nafasi. Kifuniko hakivuti maji kurudi. Akakigeuza, mpira wake umepasuka kila mahali. Nikakitazama vizuri: hicho hakikuwa kifuniko changu! Changu kilikuwa na maandishi ya Kijapani na namba 0.9, kipimo cha shinikizo. Walinibadilishia. Na msidhani kifuniko ni kizibo tu. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kifuniko kizima cha 0.9 kinayabana yasichemke mpaka yapite 110. Kikiwa kibovu, unaendesha sufuria isiyo na mfuniko. Kipya, 20,000.

Jumla ya ugonjwa wa gari langu: 50,000. Jumla ya matibabu ya Ndeeba: niliisema juu.

Nilirudi Kampala Jumatatu, nikapita kwenye jamu ile ile ya Jinja Road saa kumi na mbili jioni. Mshale ulipanda kidogo, feni ikawaka, ukashuka. Nilisikiliza feni ile kama wimbo.

NYONGEZA: Kwa waliouliza kama nimewarudia, ndiyo, Jumanne. Fundi mkuu alisema hedi ilikuwa imepinda "kidogo" na kwamba nimshukuru. Nilimwomba vipande vyangu vya zamani: kifuniko, rejeta, thamostati. Rejeta imeshauzwa. Kifuniko hajui kiliko. Thamostati alikwenda akaitafuta kwenye ndoo ya bolti, akarudi na moja ya gari jingine kabisa, kubwa kama kikombe, akaniwekea mkononi.

NYONGEZA 2: Wewe unayesema wote hawako hivyo, nakubali, ndiyo maana nimeandika habari ya mzee wa Busia. Lakini sitakutumia namba yake hapa, ana malori ya kutosha.

Sasa nahitaji msaada mmoja wa maana. Nataka thamostati ya 5A, ya nyuzi 82, pamoja na mpira wake, iwe halisi, si zile za boksi zuri zinazokwama baada ya mwezi. Soko la vipuri la Kisekka niingie upande gani, na bei isizidi ngapi? Na nimesikia ile valvu ndogo inayochezacheza pembeni inatakiwa ielekee juu ili hewa itoke. Aliyewahi kuifunga kwenye Carina kwa mikono yake aniambie, maana safari hii nafunga mwenyewe.