Kiwanja Nansana: mizigo minane (nyumba ndogo za kupangisha) au nyumba mbili kubwa?

Mwana_Arua
Asalaam aleikum wakubwa. Niko Arua, nauza nguo, ila nina kiwanja Nansana, nje kidogo ya Kampala, futi 50 kwa 100, na milioni 90 mkononi. Shemeji anataka nijenge nyumba mbili za vyumba vitatu, kila moja ipangishwe 700,000 kwa mwezi, eti "wapangaji watakuwa watu wastaarabu". Mimi nafikiria mizigo minane, dabo (vyumba viwili), kila mmoja kwa 220,000. Wenye nyumba mnasemaje?

Mama_Kireka
Waaleikum salaam mwanangu. Shemeji anahesabu pango, hahesabu miezi mitupu. Nyumba moja ya laki saba ikikosa mtu miezi mitatu, 2,100,000 imekwenda, nusu ya mapato yako ya muda huo. Muzigo mmoja ukikosa mtu, 660,000, na ile saba inaendelea kukulisha. Halafu mwenye laki saba huchagua: atakwenda mitaa ya Najjera au Kira, atataka geti na pa kuegesha gari.

Wapangaji wako Nansana ni fundi wa soko la Kisekka, muuzaji wa maduka ya Kikuubo, nesi, mwalimu. Wamefuata barabara ya Hoima ili wapande teksi moja tu mpaka mjini. Je, kutoka kwako hadi stejini mtu anatembea au anapanda boda? Boda ya elfu moja kwenda, elfu moja kurudi, ni kama 50,000 kwa mwezi. Mpangaji ameshaitoa kwenye pango lako kabla hajauliza bei.

Akija kuangalia chumba, vigae havimshughulishi. Anafungua bomba. Kisha anauliza Yaka, mita ya umeme wa kulipia kabla: "Yaka ni yangu peke yangu?" Mita moja kwa milango minane ni ugomvi usioisha, huyu ana friji, yule ana pasi, na wote wanakupigia simu wewe. Weka mita kila mlango, hata ikiuma.

Kodi ya serikali: mtu binafsi hulipa asilimia 12 ya mapato ya pango yanayozidi 2,820,000 kwa mwaka, na ukarabati huutoi kwanza. Mizigo ikijaa mwaka mzima ni 21,120,000. URA, mamlaka ya mapato, inachukua 2,196,000. Na sheria ya 2022 hairuhusu kupandisha pango zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, kwa hiyo usianze na bei ya huruma.

Mzee_wa_Bondi
Mbona mnajitesa? Bondi (hatifungani) za serikali za miaka kumi zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 14, kodi inakatwa asilimia 10 ya riba tu. Hakuna choo kinachoziba.

Mama_Kireka
Kwa milioni 90 hiyo ni kama 11,340,000 kwa mwaka, Mzee. Mizigo baada ya kodi inabaki na karibu 18,900,000. Toa matengenezo na miezi mitupu, bado iko mbele, kwa sababu kiwanja anacho tayari. Angekuwa ananunua ardhi kwanza, ningempeleka Benki Kuu akanunue bondi mimi mwenyewe.

Fundi_Wakiso
Ndugu, una hati ya ardhi au ni kibanja, yaani haki ya kukaa kwenye ardhi ya mwingine?

Mwana_Arua
Kibanja. Nina makubaliano yaliyopigwa muhuri wa LC, serikali ya mtaa.

Mama_Kireka
Basi hata tripu ya mchanga usiite. Mwenye mailo, yaani mwenye ardhi yenyewe, anakujua? Kanzu, ile zawadi ya kumtambulisha mnunuzi kwake, ulilipa? Mwombe aliyekuuzia risiti zake za busuulu (ada ya kila mwaka ya ardhi), uende nazo kwa mwenye ardhi akuandikishe kwa jina lako. Ramani ya nyumba tutaijadili ukirudi.