Jioni ya densi ya tumbo Kamalondo: tuieleze kwanza?

Swali: Ndugu wapenzi wa ngoma, sisi ni wanawake saba wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, tuliojifunza densi ya tumbo kwa kutazama video, na sasa tumepewa ukumbi wa mtaa kwa jioni moja. Nahofia watazamaji wataiona kuwa ni mutuashi, densi ya kiuno ya hapa Kongo, iliyokosewa. Je, tuieleze kwanza, au tucheze tu?

Jibu la 1: Dada, ielezeni, lakini kwa dakika mbili, kwani watu hawaji ukumbini kusomeshwa. Mutuashi ni ya Waluba wa Kasai, na mwimbaji Tshala Muana ndiye aliyeifikisha mbali. Raqs sharqi, yaani hiyo densi ya tumbo, ni ya Misri, na ilikuzwa jukwaani Cairo, hasa katika ukumbi ambao mcheza densi Badia Masabni aliufungua mwaka 1926. Zote mbili zinakaa kiunoni, ila ninyi mtafuata darbuka, ngoma ya mkono ya Kiarabu: “dum” ni pigo zito la katikati ya ngozi, “tak” ni pigo kavu la ukingoni, na nyonga huyajibu yote mawili huku kifua kikitulia. Mpigaji ayaonyeshe mapigo hayo kwanza.

Jibu la 2: Shoneni sarafu za mshipi kwa uzi wa mara mbili. Wangu ulikatika nikizunguka, sarafu zikabingirika hadi chini ya viti, na watoto wakazigombania. Umeme nao ulizimika. Ngoma ya mkono ndiyo iliyotuokoa.

Muulizaji: Asanteni sana. Mpigaji tunaye, ingawa amezoea ngoma za kanisani. Tutaanza naye Alhamisi.