Naombeni ushauri: hospitali gani India ni nzuri kwa uvimbe wa kichwani?

Kijana wa Makorora
Wakuu habari za jioni. Bimkubwa wangu kichwa kinamuuma, asubuhi ndiyo zaidi, na anatapika. Huyu mama anauza vitumbua hapa mtaani tangu sijaanza shule. Juzi nimemkuta anamimina uji wa mchele nje ya chuma, unadondokea kwenye mkaa, moshi umejaa, yeye anaendelea tu kumimina. Nikimwambia ananishangaa mimi. Tumepiga CT scan, umeonekana uvimbe. Kaka yangu wa Dar anasema India. Aliyewahi kupeleka mgonjwa anisaidie: hospitali gani, na gharama zikoje mpaka kurudi?

Mgosi Halisi
Pole mgosi. Mzee wangu alienda India kwa moyo, akarudi mzima. Ila chakula cha kule pilipili tupu. Sisi tulibeba sembe begi zima, uwanja wa ndege wakatuweka pembeni, unga gani huu? Ikabidi mzee aeleze ugali unavyosongwa.

Abuu Swabra
Mmemsomea ruqya? Hospitali nendeni, lakini kisomo kwanza. Siku hizi watu wanakimbilia mashine tu.

Nesi wa Zamu
Uvimbe mmoja au vingi? Mama amewahi kuugua saratani? Na sasa hivi anatumia dawa gani?

Kijana wa Makorora
Sista, ripoti ni lugha ya madaktari. Mimi naomba tubaki kwenye swali langu.

Nesi wa Zamu
Swali lako halijibiki bila hayo.

Kijana wa Makorora
Haya. Mwaka juzi alikatwa ziwa, akapigwa kemo, wakasema imeisha. Ripoti ya sasa inasema vivimbe vingi, pande zote mbili za ubongo. Walimpa vidonge vya dexamethasone, nikavisimamisha wiki iliyopita maana uso umevimba, usiku halali, anakula bila kushiba. Msinirukie. Yeyote angeuona ule uso angeacha. Na yeye hajui kama saratani imerudi, tumemwambia ni presha. Kiwanja cha Kange nakiuza, nimeshapokea kishika uchumba, kwa hiyo safari ipo. Nataka jina la hospitali tu.

Nesi wa Zamu
Hayo ndiyo ulitakiwa uanze nayo. Huo si ugonjwa mpya wa kichwa, ni saratani ya ziwa imesambaa mpaka ubongoni. Ya ziwa, ya mapafu na ile ya ngozi inayoitwa melanoma ndizo hasa zenye tabia hiyo. Dexa haiui saratani. Inapunguza uvimbe wa maji unaozunguka vile vivimbe, ndiyo maana mtu hupata nafuu ndani ya siku moja mbili. Uso, njaa na kukosa usingizi ni madhara yake ya kawaida, na yana namna: daktari anapunguza dozi taratibu, vidonge vinamezwa asubuhi na mchana visifike usiku, sukari inapimwa. Kuikata ghafla ni hatari. Mrudishe hospitali leo hii, usimpe tena kwa kukisia.

India sasa. Kama vivimbe ni kimoja au vichache, upasuaji au mionzi ya kulenga kivimbe chenyewe inaeleweka. Vikiwa vingi, mara nyingi ni mionzi ya kichwa kizima, mara tano au kumi, na mionzi ipo hapo Dar, hospitali ya saratani ya Ocean Road. Hata hiyo si ya kila mtu. Utafiti wa Uingereza na Australia wa 2016, wagonjwa 538 wa saratani ya mapafu iliyofika kichwani: waliopigwa mionzi hawakuwazidi kwa kiasi cha maana wale waliopewa dexa na matunzo peke yake. Ziwa si mapafu, kwa hiyo ulizeni aina ya saratani yake. Ikiwa ni ya HER2, yaani yenye protini ya jina hilo kwa wingi, zipo dawa zinazofika ubongoni, kama tucatinib iliyoidhinishwa Marekani 2020. Na ulizeni watu wa tiba shufaa. Kuwaona hao si kumkatia tamaa mama. Maumivu, kutapika, kifafa, hiyo ndiyo kazi yao.

Mama Wawili
Mtu mzima anadanganywa presha! Shangazi yetu tulimficha hivyo hivyo, akaja kuambiwa na karani wa dirishani mbele ya foleni. Alitununia mpaka anaingia kaburini. Umemuuliza mwenyewe kama anataka kupanda hiyo ndege?

Kijana wa Makorora
Mama akiambiwa atakufa kwa mawazo. Namjua mama yangu.

Mzee wa Ushahidi
Wakuu hii CHAI. Akaunti ina wiki moja. Ziwa alilisahau, kishika uchumba anakikumbuka. Na mwenye vivimbe pande zote mbili anasimamaje kwenye mkaa kukaanga vitumbua? Subirini namba ya michango.

Mgosi Halisi
Chai na vitumbua, kweli imetimia 😂

Kijana wa Makorora
Nimeomba senti ya nani humu?

Nesi wa Zamu
Wanasimama, nimewaona. Kijana, alikuwa anamimina nje upande upi?

Kijana wa Makorora
Kushoto. Hata wali anakula wa upande wa kulia, wa kushoto anauacha, anasema ameshiba. Dada yangu akiizungusha sahani anaendelea kula.

Nesi wa Zamu
Mzee wa Ushahidi, hilo hatungi mtu. Mama haoni upande wa kushoto, ubongo wa kulia umebanwa. Msimwache peke yake karibu na moto.

Mzee wa Ushahidi
Sawa. Ila namba ya michango ikitokea nitakuwa hapa.

Kijana wa Makorora
Mrejesho. Tulimrudisha usiku ule ule, wakamchoma sindano ya dexa. Leo kichwa kimetulia, kaulizia nani kamwagia maji mkaa wake. Wameandika rufaa ya Ocean Road. Kaka bado anang'ang'ania India, na mimi sijakataa, tukimaliza Dar tutaona. Nimemuuliza mama kuhusu ndege kama alivyosema Mama Wawili. Kasema hakuna presha inayotibiwa India, niache kumfanya mtoto. Sasa sijui hata nimjibu nini.

Mama Wawili
Mjibu ukweli.

Abuu Swabra
Na kisomo.

Mgosi Halisi
Mkuu, hicho kiwanja cha Kange, huyo mnunuzi ukimrudishia kishika uchumba chake nijulishe. Kina hati?