Kuzaa tena baada ya arobaini: nani aulizwe kwanza?

Mama wa Wawili (mwanzisha mada)

Nina miaka 41. Wa kwanza ni binti wa 16, wa pili mvulana wa 12. Nepi nilishazisahau, kitanda cha mtoto nilikigawa zamani, na usingizi wangu umerudi. Mwezi uliopita mume wangu, ambaye ana 50, aliniambia taa ikiwa imeshazimwa: "Tungeongeza mmoja." Nikanyamaza. Akadhani nimelala, kumbe nahesabu. Nikijifungua nina 42, mtoto akitimiza 18 mimi nina 60 na baba yake anakaribia 70.

Kinachonisumbua ni kwamba moyoni sijakataa. Ningekuwa nimekataa, hesabu ya nini?

Nimewauliza watu kama watano. Mama mkwe aliitikia kabla sijamaliza sentensi. Rafiki yangu alicheka mpaka akakaa chini. Wengine wakaanza kunitajia magonjwa. Wote wameongelea umri wangu, na hakuna hata mmoja aliyetaja umri wa mume wangu. Basi naileta hapa: mtu aliyevuka 40, ana watoto tayari, kuongeza mwingine ni haki yake au ni ubinafsi? Semeni msinionee haya, ila matusi hapana.

Mpita Njia

Dada, subiri wajukuu. Binti ana 16, si mbali.

Mama wa Wawili

Binti ana 16, mwacheni asome.

Mkunga Mstaafu

Mwanangu, mimi nimezeekea wodi ya wazazi. Nitasema ya wodini, ya moyoni watasema wengine.

Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, milioni moja hadi mbili. Akivunja ungo hubaki kama laki tatu au nne, na yatakayopevuka na kutoka maisha yake yote ni 400 hivi. Kwa hiyo yai lako la mwezi huu ni la umri wako. Lilikuwepo ulipokuwa wewe mwenyewe tumboni mwa mama yako. Lilianza kugawanya kromosomu zake, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, likasimama katikati, likangoja. Kadiri linavyongoja, vishikizo vya kromosomu hulegea, na siku ya kuendelea kugawanyika huweza kubeba moja ya ziada au kupungukiwa moja. Hapo ndipo zinapotoka mimba nyingi zinazoharibika: kwenye 40 ni kama moja katika kila tatu, kwenye 45 ni nusu au zaidi. Na hapo ndipo inapotoka sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada, inayochelewesha ukuaji wa akili. Mama wa miaka 25, ni kama mtoto 1 kati ya 1,250. Wa 35, 1 kati ya 350. Wa 40, 1 kati ya 100. Wa 45, 1 kati ya 30. Watu huiona hiyo ya 1 kwa 100 wakakosa usingizi. Igeuze: 99 hawana. Hesabu ni ileile.

Upande wako mwenyewe, uwezekano unapanda wa presha ya mimba, kisukari cha mimba, kondo la nyuma kutangulia na kuziba njia ya mtoto, na kujifungua kwa upasuaji. Na usiseme "mimi mzoefu". Umepumzika miaka 12, na pengo likizidi miaka mitano hivi, hatari ya presha ya mimba hupanda tena. Kwa hilo, wewe si mzoefu sana.

Ukitaka kujaribu, kapime presha na sukari kwanza. Anza vidonge vya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, kabla mimba haijashika, uendelee hadi wiki ya 12. Ikishika, mwulize daktari kuhusu aspirini ya dozi ndogo. Huanzwa kwenye wiki ya 12 kwa wenye hatari ya presha, lakini usijiandikie mwenyewe. Na mtu wa 40 hangoji mwaka mzima ndipo aende kuuliza kwa nini haishiki. Huenda mapema.

Niongeze moja, maana linaniudhi. Hii 35 inayowatisha wanawake haikutoka kwenye mfuko wa uzazi. Miaka ya 1970, kipimo kilikuwa kuchota maji ya uzazi kwa sindano, na sindano yenyewe iliweza kuharibu mimba. Wakaangalia ni umri gani ambapo uwezekano wa kukuta kasoro ya kromosomu unalingana na ule wa sindano kuharibu mimba, wakafika 35. Mstari ulichorwa na sindano. Siku hizi kuna kipimo cha damu ya mama kuanzia wiki ya 10, ingawa hicho huchuja tu. Kikitoa jibu la wasiwasi, bado sindano ndiyo inayothibitisha.

Baba wa Uzeeni

Mdogo wangu, nilimpata wa mwisho nikiwa na 53, na nasema wazi: huyu ndiye mtoto niliyemlea. Wale wa ujanani walikua nikiwa kazini. Wa kwanza alitembea, nikaambiwa kwa simu. Huyu najua jino lipi lilitangulia, najua anaogopa mashine ya kunyolea nywele, najua wimbo anaoutaka ndipo alale. Sina haraka tena. Ujana una nguvu lakini hauna muda. Na kwa upande wetu wanaume hakuna tatizo, mbegu hutengenezwa mpya kila siku.

Mkunga Mstaafu

Kaka, mpya ndiyo, lakini ni nakala ya nakala, na anayenakili miaka mingi hukosea herufi. Watafiti wa Iceland walitoa hesabu mwaka 2012: kila mwaka unaoongezeka kwa baba humwongezea mtoto kama mabadiliko mapya mawili kwenye vinasaba. Baba wa 20 humpa mtoto kama 25, wa 40 kama 65. Mama alibaki kwenye 15 hivi, awe kijana au mtu mzima. Mengi hayana madhara yoyote. Hata hivyo umri wa baba umehusishwa na usonji, ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia, na aina moja ya ufupi wa mifupa. Kwa mtoto mmoja mmoja ongezeko ni dogo. Nalitaja kwa sababu mwenye mada kasema kweli: huyo wa 50 hakuna aliyemgusa.

Baba wa Uzeeni

Hilo sikuambiwa na mtu.

Mkunga Mstaafu

Hukuulizwa hata umri, nadhani.

Dada Mkubwa

Mimi ndiye binti wa 16 wa habari hii, ila nilikuwa na 15.

Mama alijifungua kwa upasuaji, presha ikamrudisha kulazwa mara mbili. Baba alikuwa anamtazama mtoto kwa furaha, anampiga picha, anaenda kazini. Mimi ndiye niliyejua chupa ipi inavuja. Nilijifunza kusoma na kitabu juu ya goti la kulia, mtoto juu ya la kushoto, namtikisa kwa mguu, na akilala siugeuzi ukurasa mpaka nihakikishe amelala kweli. Kuna kurasa za baiolojia nilizisoma mara tano kwa sababu niliogopa mlio wa karatasi. Darasani nikisinzia nilisema kichwa kinauma.

Hakuna aliyenilazimisha, mnielewe. Mama alisema tu "nishikie kidogo", na hicho kidogo kikawa miaka minne. Nampenda yule mtoto kuliko nafsi yangu. Sasa ana 14, na mara mojamoja humtoka akaniita "mama", mama mwenyewe akiwa chumba hichohicho. Hujifanya hajasikia.

Kwa hiyo mwenye mada, umeshauliza watu watano. Binti yako yumo?

Mama wa Wawili

Hayumo.

Mziwanda

Niongeze upande wangu, maana mnaongea juu yangu kama sipo. Mama alinizaa akiwa na 44. Baba alifariki nikiwa na 19, wakati dada yangu wa kwanza ana 38. Yeye alimpata baba miaka 38, mimi nusu yake. Sisemi kwa kulalamika, ni hesabu tu kama mwenye mada anavyohesabu.

Watu walipodhani mama ni bibi yangu, aliyeumia ni mama. Mimi sikujali. Nilikuwa na mama asiyenipigia kelele, mwenye subira ambayo ndugu zangu wanaapa hawakuwahi kuiona.

Tatizo limekuja sasa. Nina 27, mama ana 71 na miguu imegoma. Ndugu zangu wakikutana ni "wewe huna familia bado, wewe ndiye upo nyumbani". Niliacha kozi katikati. Nikiuliza zamu, naambiwa mimi ndiye niliyedekezwa. Mnaoongeza wa mwisho, angalieni moyoni kama hamzai muuguzi.

Mpita Njia

Si ndicho nilichosema? Wakati ukipita umepita.

Niliyejaribu

Mpita Njia, punguza kidogo.

Nilianza kujaribu nikiwa na 43. Zilishika mbili, zote zikatoka, moja wiki ya 9, nyingine wiki ya 11. Ile ya pili ilinianzia kazini. Nilikaa chooni, nikarudi mezani, nikamaliza kikao, kwa sababu hakuna aliyejua nina mimba na sikujua sentensi ya kuanzia ni ipi. Mtu wa 25 akipoteza mimba huambiwa pole. Wa 43 huulizwa alikuwa anatafuta nini.

Tulikwenda kuuliza kuhusu kupandikiza. Daktari alikuwa mkweli: kwa mayai yangu nafasi ni ndogo sana umri ule, kwa mayai ya mwanamke kijana nafasi hufuata umri wa mwenye mayai. Mume wangu akasema, "Atakuwa wetu." Mimi nikasikia, "Atakuwa wako." Hatukuendelea, na sisemi wanaoendelea wanakosea.

Sijutii kujaribu. Ninachojutia ni kutoweka kikomo. Hatukusema ni mara ngapi wala mpaka lini, basi miaka miwili nzima kila mwezi ulikuwa mtihani na matokeo yake. Wekeni tarehe kabla hamjaanza, mkiwa bado na akili zenu.

Shangazi wa Wote

Hili neno ubinafsi mnalirusha vibaya. Nani aliwahi kuzaa kwa kumhurumia mtoto ambaye hayupo? Wa miaka 24 huzaa kwa kutaka, au kwa kushtukia, na hakuna anayemfungulia kesi. Swali ni nani atabeba mzigo wa kutaka kwako, na hapo Dada Mkubwa na Mziwanda wameshajibu.

Jambo jingine. Wengi wa arobaini hawaamui, hushtukia. Hedhi inaruka mwezi, mtu anasema "nimekoma hiyo", kumbe kukoma kwa kawaida huja kwenye 51 hivi, na kabla ya hapo yai bado hutoka likitaka. Mpaka upite mwaka mzima bila damu, na chini ya 50 huambiwa ungoje miwili. Pia mnajua kwamba mapacha huongezeka umri huo? Ubongo hupiga kelele zaidi kuamsha mayai yaliyobaki, siku nyingine yanaamka mawili. Kwa hiyo ukisema hapana, iwe ya kitanzi au kijiti au chochote, siyo hapana ya mdomo huku mnangoja kuona.

Mpita Njia

Mapacha! Dada, kimbia.

Mama wa Wawili

Huyu naye.

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Jana nilimsomea mume wangu ile ya nakala. Alicheka, halafu akaacha kucheka. Leo asubuhi amekwenda mwenyewe kupima presha, jambo ambalo nimelisema miaka sita. Iko juu.

Nikamuuliza usiku nani ataamka. Akasema tutasaidiana. Nikamwambia kusaidiana siyo zamu, lete karatasi. Aliandika usiku minne yake, mitatu yangu, na ni yeye aliyekumbuka kuandika pale chini kwamba watoto hawamo. Sijui kama ni aibu ya kumsikia Dada Mkubwa au ni kweli. Tumejipa miezi mitatu ya vipimo vya wote wawili, kisha tuseme. Tukijaribu, ni mpaka nitimize 43, basi.

Binti nilimkuta anafua. Sikuzunguka, nikamwuliza. Alikamua nguo aliyoishika mpaka ikaisha maji, akaitundika, ndipo akajibu: "Nitampenda, mama. Ila chumba changu sihami."

Dada Mkubwa

Usimhamishe.