Namba za N'Ko zinajigeuza kwenye kitabu cha risiti, nifanyeje?

MchapajiGerezani:
Wakuu, salaam. Nina kiofisi cha uchapaji Gerezani, Kariakoo. Mzee mmoja wa Guinea, anauza vitenge, kaniletea oda ya vitabu vya risiti kwa maandishi ya N'Ko, yale ya lugha za Kimandinka za Afrika Magharibi, namba 101 hadi 150. Herufi zinatoka kulia, hilo halinisumbui, juzuu nimesoma Buguruni. Ila kwenye Kiarabu namba huanzia kushoto. Hizi nikiandika 120, moja inakaa kulia na sifuri inaangukia kushoto: ߁߂߀. Nilijaribu kwanza na 101, kumbe hiyo hata ukiigeuza ni ileile! Nikadhani programu imekosea, nikakesha nazigeuza moja moja. Asubuhi mzee kaweka kidole kwenye sampuli, akasoma: "Sifuri, mbili, moja." Imeniuma, maana ananiamini.

BintiKeko:
Pole kaka. Programu haikukosea. Solomana Kanté alipobuni N'Ko mwaka 1949, namba nazo alizielekeza kama herufi, kutoka kulia. Unicode, ule mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi msimbo wake kwenye kompyuta, ilipoyaingiza maandishi hayo mwaka 2006 ikaheshimu hivyo: tarakimu zake zina mwelekeo uleule wa herufi, tofauti na za Kiarabu. Wewe andika kama unavyotamka, moja, mbili, sifuri. Ndivyo kompyuta inavyotunza, kupanga kulia ni kazi ya skrini. Ukizigeuza kwa mkono, hata akitafuta risiti namba 120 kwenye faili lake hataipata.

MchapajiGerezani:
Asante dada. Sasa zile hamsini niziandike upya kwa mkono?

FundiMbagala:
Hapana mkuu. Tarakimu zimepangwa mfululizo kwenye Unicode, msimbo 07C0 ni sifuri, 07C9 ni tisa. Tengeneza orodha ya 101 hadi 150 kwa namba zetu, kisha badilisha tarakimu zote kwa mpigo: 0 iwe ߀, 1 iwe ߁, mpaka 9. Mpangilio usiuguse. Halafu hakikisha programu yako ya usanifu inakubali maandishi ya kulia kwenda kushoto, nyingine zinayapanga kushoto bila kukwambia. Maandishi ya Adlam ya Wafulani nayo yako hivihivi, siku ukiletewa.

MchapajiGerezani:
Nimerudi. Programu yangu inakubali, shida ilikuwa mimi kuzigeuza. Mzee kapitia zote hamsini kwa sauti, 120 kairudia mara mbili, kisha kasaini. Kesho naingiza mashineni.