Naomba ushauri: mabinti wanamhurumia muuaji

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Niko Ngamiani, Tanga. Jumamosi jioni nasoma vitabu na mabinti wa mtaani, barazani kwa mama. Tumemaliza Othello ya Shakespeare. Desdemona anazibwa pumzi kitandani na mumewe, Othello, kwa ajili ya leso na uongo wa Iago, askari wake, kisha Othello anajiita muuaji mwenye heshima, eti hakuua kwa chuki. Binti mmoja akasema, "Lakini alimpenda." Wenzake wakaitikia. Nilikosa la kusema, na usiku sikulala.

Kinachoniumiza ni kwamba muuaji anapewa maneno matamu ya mwisho, nasi tunamlilia yeye. Emilia, mke wa Iago, anayesema kweli mbele ya wote hadi mumewe anamuua, walimpita tu.

Sasa nataka tusome Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971). Pale Zakaria anapompiga binti yake Rosa kwa barua ya mvulana, hapo si mbali tena. Fimbo hizo wanazijua.

Walimu wa fasihi, niwaulize nini ili waone aibu ni ya nani? Na binti akilia kwa yanayomkuta kwao, nimpokeeje? Dawati la jinsia la polisi nalijua, lakini ataanzia kwangu.